Figa Lililochelewa Kupoa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu wenye mizigo kichwani? Wewe uliye mlangoni, ingia ndani au toka nje, upepo huo unatuzimia moto. Haya. Kaeni vizuri, hadithi hii haisikilizwi wima. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, milima ilipokuwa bado ina moto tumboni na mawe yalipokuwa bado yanasema, aliishi mwanamke mmoja jina lake Tusekile. Nyumba yake ilikuwa chini ya mlima, mahali ambapo ukungu hushuka asubuhi na wakati mwingine husahau kupanda. Mumewe, Ambakisye, alikuwa amekufa. Binti yake wa pekee, Bupe, alikuwa ameolewa ng'ambo ya bonde, kwenye kilima kinachotazamana na nyumba ya mama yake. Mama aliona moshi wa binti, binti aliona moshi wa mama. Kuonana wao wenyewe lilikuwa jambo jingine.

Siku hizo viberiti havikuwapo. Aliyezimikiwa na moto alishika kigae cha chungu, akaenda kwa jirani kuomba kaa. Kupekecha moto kwa vijiti ilikuwa kazi ya kutoa jasho, na watu wa pale walikuwa wavivu kama nyinyi. Tusekile alikuwa mlinzi wa moto hodari kuliko wote, kwa hiyo wote walikwenda kwake.

"Hodi, mama. Naomba kaa."

"Karibu. Ingia, kaa."

"Nitakaa siku nyingine, mama. Moto utanizimikia njiani."

Ndivyo alivyosema Sekela, jirani wa chini. Ndivyo alivyosema Lusajo mwenye mbuzi. Ndivyo walivyosema wote, huku wakirudi mbio, mkono mmoja umeshika kigae na mwingine unakinga upepo. Mlangoni kwa Tusekile palikuwa na njia iliyokanyagwa hadi ikang'aa. Ndani, kigoda cha mgeni kilikuwa kipya mwaka hadi mwaka, kwa kukosa makalio.

Msiseme basi mwanamke huyo alikuwa na watu. Alikuwa na hodi nyingi tu. Mtu anaweza kubishiwa hodi kutwa nzima, na jioni akala peke yake akitazama ukuta.

Sasa sikilizeni desturi yao, kwa sababu kisa chote kimejishika hapo. Moto wa nyumba haukuachwa uzimike ovyo. Ulizimwa kwa makusudi siku moja tu, siku ya msiba. Watu wa ng'ambo wakiona paa halitoi moshi, walijua nyumba hiyo imefiwa, wakaja wakilia. Hapakuwa na haja ya kumtuma mtu. Moshi wenyewe ndio uliokuwa mjumbe.

Ambakisye alipokufa, Tusekile alizima moto, akakaa kumngoja binti yake. Akangoja, akangoja, akangoja. Lakini siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka umelijaza bonde lote, na Bupe kutoka kwake aliona weupe mtupu. Ukungu ulipopanda, akaona paa la kwao halina moshi, akaja mbio mpaka kanga ikamdondoka njiani. Alikuta kaburi limeshafukiwa.

Mama yake alikuwa na uchungu, na uchungu ulikuwa bado wa moto. Akasema mbele ya waombolezaji wote:

"Moshi wa baba yako umezimika, na wewe ulikuwa wapi? Au umekuja kuomba moto?"

Bupe aligeuka, akarudi kwake.

Baada ya matanga Tusekile alichukua vijiti vya marehemu mumewe, ulindi wa kuzungushwa na uwimbombo wa kulazwa chini, akapekecha moto mpya, na moto huo haukuzimika tena. Bupe alikuwa akija, ndiyo, mvua ilipomharibia jiko. Alisimama mlangoni kama jirani, akanyoosha kigae kama jirani. "Naomba kaa, mama." Mama alipomwambia, "Kaa, mwanangu," binti alisogeza kigae mbele, kana kwamba neno hilo lina maana moja tu duniani. Akipewa, anakwenda.

Siku moja Sekela alikuja kuomba moto, na akiwa mlangoni akadondosha habari.

"Mwenzangu, umesikia? Mume wa Bupe amepata shamba nyuma ya mlima. Wakishavuna ulezi wanahama. Nyuma ya mlima, unasikia? Huko hata moshi wao hutauona."

"Ingia basi, Sekela. Kaa unieleze."

"Nitakaa siku nyingine," akasema Sekela, naye huyo.

Tusekile alibaki amesimama na koleo la makaa mkononi. Aliyajua mambo yatakavyokuwa. Mwanamke anayehama huja kuchukua moto wa kwanza kwa mama yake. Kwa hiyo Bupe angekuja, angesimama mlangoni, angesema naomba kaa, na mambo yangeishia hapo. Tusekile hakutaka makubwa. Alitaka Bupe akae. Akae kwenye kile kigoda, hata kwa muda wa chungu kimoja kuchemka, kabla hajakwenda mahali pasipoonekana moshi.

Basi jioni hiyo akaanza kulia, na machozi yakaangukia mafiga. Mafiga yenyewe yalikuwa matatu, kila moja na sura yake. La kwanza lilikuwa jepesi, limejaa matundu. La pili lilikuwa jeusi, laini, limebana kama ngumi. La tatu lilikuwa na madoadoa, punje nyeusi na punje nyeupe, na kati yake punje nyingine zinazopenyesha mwanga. Ambakisye ndiye aliyeyaokota siku ya harusi yao.

"Mama, unatudondoshea machozi," likasema figa la matundu. "Mbona unalia?"

Tusekile hakushtuka sana. Mtu akikaa peke yake muda mrefu husikia mengi. Akayaeleza mawe habari za Bupe, tangu ukungu hadi ulezi.

"Hilo dogo," likasema figa la matundu, na maneno yake yalifuatana bila kupumua. "Sisi watatu tulikuwa uji mmoja, mama, uji wa moto, tumboni mwa mlima. Nilipochoka kukaa nilitoka na povu. Nilirushwa juu hewani, nikapoa kabla sijagusa chini, hata pumzi iliyokuwa ndani yangu haikupata nafasi ya kutoka, ndiyo matundu haya. Fanya kama mimi. Akija, mtolee yote."

Mvua ikanyesha, jiko la Bupe likazimika, Bupe akaja. "Naomba kaa, mama."

Tusekile akamtolea yote. Alisema habari za goti lake, habari za mbuzi wa Lusajo, habari za paa linalovuja, habari za marehemu, habari za kunyonyesha na kubeba mgongoni, hadi povu likamjaa kwenye pembe za mdomo. Bupe alisimama na kigae, akibadilisha mguu.

"Mama, kaa langu linazimika," akasema, akaondoka.

Nyumba ikawa kimya kuliko kabla ya kuzungumza.

"Umesikiliza jiwe linaloelea majini," likasema figa jeusi. Hili lilisema kwa ufupi. "Tulikuwa uji mmoja. Mimi nilitiririka juu ya ardhi. Upepo ukanipiga, nikapoa upesi. Punje zangu zilikaa haraka haraka, ndogo, huzioni. Ndiyo maana ni mgumu. Fanya kama mimi. Akija, nyamaza."

Upepo ukavuma, jiko la Bupe likazimika, Bupe akaja. "Naomba kaa, mama."

Tusekile akamwekea kaa kigaeni bila neno. Alikaza midomo, akakaza shingo, akatazama pembeni, akingoja kuulizwa kama anaumwa.

"Asante, mama," akasema Bupe, akaondoka.

Hapo Tusekile aliona vibaya kweli. Alimsindikiza kwa macho mpaka mgongo wake ukawa mdogo kwenye mteremko, akajiambia kwamba mama mwingine, yeyote yule, angejua la kusema. Ulezi ng'ambo ulikuwa umekwisha kukatwa. Ilibaki safari.

Figa la tatu lilikuwa halijasema kitu. Tusekile akaliinamia.

"Na wewe? Wenzako wamenishauri, nimeharibikiwa."

Figa la punje lilichelewa kujibu. Tusekile alichambua mboga zote, akazikatakata, akazibandika, ndipo likaanza.

"Tulikuwa uji mmoja," likasema. "Wenzangu walitoka, mimi nilibaki. Mlima ulinifunika, na kifuniko kilikuwa kizito, joto halikupata pa kutokea. Kwenye uji ule, mama, sisi punje tulikuwamo wengi, lakini hakuna aliyejua yeye ni nani. Ukiwa wa moto sana huwezi kuwa mtu. Unachemka tu pamoja na wengine."

"Kisha?"

"Kisha tukaanza kupoa. Polepole mno. Wa kwanza kukaa alikuwa yule wa kijani, kwa sababu anaweza kukaa wakati wengine wote bado wanaungua. Alipokaa tu akawa mzito, akazama chini. Humwoni hapa kwangu. Tuliachana naye huko, na sijui habari zake hadi leo."

Tusekile alipuliza moto, akangoja.

"Baadaye wakakaa weusi. Baadaye wakakaa weupe. Kila mmoja alikaa joto lake lilipofika, na kwa sababu hakuna aliyetuharakisha, kila mmoja alipata muda wa kukua, ndiyo maana unatuona kwa macho. Wa mwisho ni huyu mwangavu. Alingoja peke yake, bado maji maji, wote wameshakaa. Hakuwa na kiti. Akaingia kwenye nafasi zilizobaki kati yetu, akakaa kwa umbo aliloachiwa. Baadaye mvua iliuchimba mlima juu yangu, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikatokea kwenye korongo, mumeo akaniona."

"Hadithi nzuri," akasema Tusekile. "Lakini sioni itakavyomkalisha Bupe."

"Mama," likasema figa, "kila anayekuja hapa anaomba kaa, na wewe unampa kaa. Unampa kitu kinachomkimbiza, kisha unalia kwamba amekimbia. Acha pawe baridi. Asipopata kaa, atakaa."

Tusekile alipolifikiria neno hilo, aliona aibu kidogo kwamba limemchukua muda wote huo. Moto ukiwa haupo, itabidi upekechwe. Kupekecha kunachukua muda. Na mwenye kungoja moto hawezi kungoja amesimama.

Akanyanyua mtungi wa maji.

"Usinimwagie," likasema figa jeusi. "Nitapasuka."

"Usiharakishe," likasema figa la punje.

Basi akaurudisha mtungi. Hakuongeza kuni, hakupuliza. Alikaa akitazama moto unavyokuwa makaa, makaa yanavyokuwa majivu. Alipoamka asubuhi aliweka kiganja juu ya mafiga, akakuta yamepoa yote matatu. Nyumba ilikuwa baridi na ilinuka majivu, akahisi kama Ambakisye amekufa upya. Lakini akafagia, akakipangusa kigoda, akapakata vijiti vyake, akangoja.

Nje palikuwa na jua. Ukungu ulikuwa umepanda mapema, bonde lote linaonekana mpaka chini mtoni.

Mara akasikia kilio kutoka ng'ambo. Kilio cha mwanamke, kile cha msiba hasa. Tusekile akasikitika, akajiuliza, ni nani huyo aliyefiwa asubuhi yote hii? Kilio kikashuka bondeni. Kikavuka mto. Kikaanza kupanda kuelekea kwake. Ndipo akatoka mlangoni, akatazama juu ya paa lake, akaona anga tupu, na vijiti vikamdondoka. Alikuwa amefikiria kaa. Moshi hakuufikiria hata kidogo.

Bupe aliingia bila hodi. Kigae hakuwa nacho, viatu hakuwa navyo. Alipomwona mama yake amekaa mzima kando ya majivu, sauti ilimkatikia katikati.

"Mama. Uko hai?"

"Niko hai, mwanangu."

"Moshi haupo."

"Nimeuacha moto ufe. Nilitaka ukija usikute cha kuchukua."

Bupe akakaa. Alikaa kwenye kigoda bila kujua kwamba amekaa. Tusekile alikitazama kile kigoda, akaogopa hata kukohoa.

Muda si muda akatokea Sekela na mkeka wa matanga kwapani, machozi yakimtiririka. Akachungulia.

"Kumbe uko hai," akasema, akijifuta. "Mwenzangu, umenimalizia machozi bure. Moto je, hamna?"

"Tunataka kuupekecha. Kaa usubiri."

"Nitakaa siku nyingine," akasema Sekela, akaondoka na mkeka wake. Wengine hawaponi hata wakitibiwa.

Basi mama na binti wakaanza kazi. Bupe aliukandamiza uwimbombo kwa unyayo, Tusekile akauzungusha ulindi kati ya viganja. Uwimbombo ulikuwa umeingia unyevu wa ukungu. Walipekecha, moshi haukuja. Wakapekecha, moshi haukuja. Wakapekecha, wakapokezana, moshi haukuja.

"Siku ile ya baba," akasema Bupe, macho yake yakiwa kwenye vijiti, "nilitazama huku tangu alfajiri. Niliona ukungu. Nikajiambia, pangekuwa na neno, mama angemtuma mtu."

Viganja vya Tusekile vikasimama. Neno lenyewe lilikuwa bado linaunguza, lakini ndilo lililotakiwa kutoka kwanza.

"Sikumtuma mtu," akasema. "Niliuona ukungu kama ulivyouona wewe. Sikutuma."

Neno hilo lilikuwa zito. Lilizama kati yao mpaka chini kabisa, na maisha yao yote hawakulirudia tena.

Wakapekecha. Baada ya muda Bupe akatoa yake, meusi. Jinsi alivyosimama mbele ya watu wamemkodolea macho. Jinsi alivyolilia baba yake njiani, kwa sababu kaburini alikuwa amefukuzwa. Tusekile hakujitetea. Wakapekecha. Baadaye yakaja mengine, meupeupe.

"Alinitaja?" akauliza Bupe.

"Alitaka maziwa ya mgando. Nikampelekea yangu, akasema hayana ladha kama ya Bupe. Mtu yuko kufani, bado anachagua maziwa."

Bupe akacheka, kisha akalia, kisha akafuta kamasi kwa upande wa kanga. Maneno yakaisha. Kilichobaki kilikuwa kimya, na kimya hicho kiliingia kwenye nafasi zote zilizobaki kati ya yale waliyosema, kikakaa humo. Wakati huo ndipo uzi mwembamba wa moshi ulipoanza kutoka kwenye kijiti.

Jua lilikuwa limefika utosini. Ng'ambo mume wa Bupe alikuwa akiita, mizigo imefungwa. Tusekile akachukua kigae chake mwenyewe, akatia kaa, wakatoka mlangoni. Wakasimama wakiagana, na kaa likazimika. Akarudi ndani akatia jingine. Wakasimama wakiagana, likazimika. Akarudi ndani akatia jingine, nalo likazimika, na hakuna aliyekuwa amekinga mkono.

Ndipo Tusekile akaingia ndani mara nyingine, akatoka na ulindi na uwimbombo.

"Chukua hivi. Huko unakokwenda huna jirani wa karibu."

Bupe alivitazama. "Nikiwa navyo hivi, mama, moto wangu ukizimika nitajiwashia. Nitakuja kuomba nini kwako?"

"Hutakuwa na la kuomba," akasema Tusekile. Alijua anachokitoa. "Ukija, utakuwa umekuja tu."

Bupe akavifunga vijiti kwenye pindo la kanga, akashuka bondeni. Mama yake alimtazama mpaka mgongo ukawa mdogo. Jioni kilima cha ng'ambo hakikutoa moshi, na asubuhi yake hakikutoa, na hakikutoa tena.

Mnanitazama mnataka niseme kama alirudi. Mlima ule ni mrefu, na aliyenisimulia hakuniambia. Aliniambia kwamba Tusekile aliendelea kula peke yake, na upweke wake haukupungua. Ila zamani upweke ule ulikuwa uji, unachemka tu, hajui kipi ni kipi. Sasa ulikuwa umepoa, una punje. Alikaa kando ya mafiga akaziangalia moja moja: hii ni ya ukungu, hii ni ya maziwa ya mgando, hii ni ya siku Bupe alipokaa. Ile ya kwanza, ile nzito, hakuiona, lakini alijua iko chini. Na kigoda alikisogeza, akakiweka kikitazama mlima.

Basi tangu siku hizo, ukienda kwa watu ukasimama mlangoni na mguu mmoja nje, watakuuliza, "Vipi, umekuja kuomba moto?" Hawakutanii. Wanakuomba ukae.

Hadithi yangu imepoa, imekaa chini, nami naiachia hapo.